Karatasi ya Nyuma ya Mlango

Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua sare wala kunywa maji, nilikuwa na kazi tatu katika chumba cha ushonaji. Kwanza niliokota pini sakafuni kwa sumaku. Kisha nilifagia nyuzi na vipande vya kitambaa, vikubwa nikaviweka kapuni, vidogo guniani. Mwisho nilisoma kamba ya zamu, nikamwambia Mama Mkubwa kazi ya nani inafuata. Kulikuwa na kazi ya nne ambayo sikuagizwa na mtu: kupita mbele ya Kimya bila kumtazama.

Kamba ya zamu ilifungwa ukutani, kuanzia kwenye cherehani hadi mlangoni. Mteja akileta kazi, tuliandika jina lake kwenye kikaratasi na kukibana kwa kibanio cha nguo, upande wa mlangoni. Kazi zikiisha, vikaratasi vilisogea kimoja kimoja kuelekea kwenye cherehani. Hata asiyejua kusoma aliweza kuona kama zamu yake iko mbali au karibu. Mama yangu ndiye aliyebuni mtindo huo, na wateja waliupenda kwa kuwa hapakuwa na upendeleo.

Kimya lilikuwa jina la sanamu la kuvishia nguo. Halikuwa na kichwa wala mikono. Mama alikuwa amelijaza pamba na kulizungushia kitambaa mpaka likawa na umbo lake mwenyewe: kifua chake, kiuno chake, hata bega lake la kushoto lililoinama kidogo kwa miaka ya kushona. Alisema huyu Kimya anasikia umbea wote wa wateja na hajawahi kutoa neno. Mama alifariki mwaka uliotangulia, kwa saratani ya matiti. Kimya alibaki dirishani, amevaa blauzi ya bluu ambayo Mama aliikata na kuipiga pini lakini hakuwahi kuishona. Hakuna aliyethubutu kuivua.

Dada yake Mama ndiye aliyehamia kwetu kuendeleza kazi. Wateja walimwita Fundi, mimi nikamwita Mama Mkubwa. Baba alikuwa akitengeneza baiskeli kwenye kibanda mbele ya nyumba, na tangu msiba alizungumza zaidi na minyororo ya baiskeli kuliko na watu. Mimi naitwa Sindano. Wageni hudhani ni kwa sababu nimekonda, lakini wanaonijua wanasema ni kwa sababu ya ulimi. Basi ajabu ni hii: mwenye ulimi huo alikuwa amekaa na siri mwaka mzima, na siri hiyo ilikuwa ikimla ndani kwa ndani.

Kila Jumamosi chumba chetu kilijaa wanawake wa kikundi cha kujitolea. Mkuu wao alikuwa Bi Kengele, mwalimu mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu sauti yake haikuhitaji kengele ya shule. Yeye mwenyewe alikuwa amekatwa titi moja miaka sita nyuma.

"Madaktari walichukua titi, ulimi wakauacha," alipenda kusema. "Sasa mtanivumilia!"

Kikundi kilishona vitu viwili. Cha kwanza ni matiti ya kitambaa, kwa ajili ya wanawake waliofanyiwa upasuaji kama yeye. Yalishonwa kwa pamba laini, yakajazwa na kuwekewa kifuko kidogo cha shanga ndani ili yapate uzito. Bila uzito, nguo hupanda upande mmoja na mvaaji huona haya. Hayo yaligawiwa bure. Cha pili ni mikoba ya viraka, ambayo iliuzwa kuwapatia wanawake nauli na gharama za vipimo hospitalini.

Kazi yangu ilikuwa kujaza pamba.

"Usikaze hivyo, Sindano, huo si mpira wa miguu," Bi Kengele alinitania Jumamosi moja. "Jaza polepole. Kuna mtu atalala na kitu hicho kifuani."

Wanawake wakacheka. Mama Mkubwa, aliyekuwa akikanyaga cherehani, alicheka pia, lakini niliona ameweka mkono chini ya kwapa la kushoto kwa muda kidogo kisha akauondoa.

Siku hiyo Bi Kengele alitangaza kwamba baada ya wiki mbili tungeuza mikoba kwenye uwanja wa shule yetu. Nesi wa kliniki ya wanawake angekuja kuwapima akina mama bure katika darasa la nne.

"Na Sindano atazungumza," akasema, akanipa karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wa ubaoni. "Watu wakimsikiliza mtoto, mifuko hufunguka. Soma tuone."

Nikasoma. Ilianza vizuri. Kisha nikafika kwenye sentensi ya nne: "Mama yangu hakujua kwamba anaumwa mpaka alipokuwa amechelewa." Nikakatiza kusoma, machozi yakinitoka. Wanawake wakadhani ni majonzi. Mmoja akanifuta machozi kwa kipande cha kitambaa, nami nikaona aibu mpaka nikatamani sakafu inimeze, kwa maana sentensi ile ilikuwa ya uongo. Mama alijua. Na mimi nilijua.

Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa, wakati ambao mshona sare hana hata nafasi ya kujikuna. Nilikuwa nikimsaidia Mama kutia vifungo. Ghafla akasimama, akafunga mlango, akachukua mkono wangu na kuuweka juu ya titi lake.

"Gusa hapa. Unakisikia?"

Nilikisikia. Kilikuwa kinundu kigumu, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Kinauma, Mama?"

"Hakiumi hata kidogo. Ndiyo maana sina wasiwasi nacho. Sare zikiisha nitakwenda hospitali. Usimwambie baba yako, ataniachisha kazi, na watoto wa watu wanasubiri nguo. Hii ni siri yetu, mimi na wewe."

Nilijivuna kupewa siri ya mtu mzima. Mama akaandika kwenye kikaratasi: MIMI – HOSPITALI. Akakibana kwenye kamba, mwisho kabisa, kama mteja mwingine yeyote. "Fundi naye apange foleni," akasema, tukacheka wote wawili.

Karatasi ile ilisogea. Siku moja ilibakiza tatu tu ifike kwenye cherehani. Akaja mzazi mwenye watoto wanne, anataka sare zote kwa wiki moja. Mama akaibandua yake, akairudisha mlangoni. Ikasogea tena, akaja bibi harusi. Ikarudi. Miezi minne ilikwenda hivyo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikisoma kamba! Kila siku nilimsomea zamu za watu wote, na nikifika kwenye karatasi yake niliiruka. Mwisho ilibanwa pembeni kabisa, mahali ambapo mlango ukiwa wazi unaifunika. Alipokwenda hospitali alikuwa hawezi tena kuinua mkono, na Baba ndiye aliyempeleka. Baada ya mazishi niliikuta ikingali pale nyuma ya mlango. Nikaibandua, nikaificha ndani ya jalada la kamusi yangu, sikumwambia mtu.

Tangu hapo, nikiwa peke yangu chumbani saa za alasiri, nilikuwa nasikia pedeli ya cherehani ikikanyagwa. Taka-taka-taka, kisha kituo kifupi cha kugeuza kitambaa, kisha taka-taka tena, mwendo ule ule wa Mama. Nikigeuka, cherehani imefunikwa. Jua la alasiri likipiga dirishani, kivuli cha Kimya kilikuwa kinavuka sakafu mpaka kwenye miguu yangu, nami nilikuwa nasogeza miguu.

Siku chache baada ya ile Jumamosi, Mama Mkubwa alianza kunifundisha kupima. Alijifanya mteja mwenye maringo, akanyoosha shingo, akasema, "Haya Fundi, usininyonge, nimetoka kusuka." Nikapima mabega. Nikapima mkono. Nilipozungusha utepe kifuani na kuuvuta kidogo, akaruka kana kwamba nimemchoma pini.

"Nimekuumiza, Mama Mkubwa?"

"Hapana. Ni jipu tu, linakuja linaondoka." Hakunitazama.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu juzijuzi. Usianze maswali ya polisi. Siku ya mauzo ikipita, na zile suti za kwaya zikiisha, nitakwenda kuliangalia. Na usimwambie baba yako, ana mzigo wa kutosha. Iwe siri yetu."

Maneno yalikuwa yale yale, katika chumba kile kile, na nyuma yake alisimama Kimya na kifua cha Mama. Kisha Mama Mkubwa akafanya jambo lililonikausha damu. Alichukua kikaratasi, akaandika neno moja, MIMI, akakibana kwenye kamba upande wa mlangoni. Hakuwahi kuiona karatasi ya mdogo wake. Aliifuata tu desturi ya chumba, kwamba mteja kwanza, fundi baadaye.

Wiki iliyofuata sikupata raha. Jumatatu nikaisogeza karatasi yake mpaka kwenye cherehani. Jumanne nikaikuta mlangoni. Nikaisogeza tena, akairudisha tena, na wala hatukusemezana. Siku ya Alhamisi nilikuwa nafagia, nikasikia pedeli. Taka-taka-taka. Nikainua kichwa, nikaona karatasi ya Mama Mkubwa iko pembeni kabisa, nusu yake imefunikwa na mlango. Nikatoka mbio hadi kwenye kibanda cha Baba.

Baba alikuwa ameshika gurudumu. Akanitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Una nini, mwanangu? Umepauka."

"Sina kitu, Baba."

"Kweli?"

"Kweli."

Nikarudi ndani nikijichukia. Ulimi wangu wote ule, na kwenye jambo la maana ulikuwa mzito kuliko pasi ya mkaa.

Siku ya mauzo uwanja wa shule ulifurika. Tulitundika mikoba kwenye kamba kati ya nguzo za goli. Mwenzangu wa darasani, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa akinadi.

"Mkoba wenye viraka kumi na viwili! Hata mumeo akikuudhi, utamsahau ukiutazama!"

"Nyamaza wewe, una mume?" mama mmoja akamuuliza, akacheka, akanunua miwili.

Mbele ya darasa la nne wanawake walikuwa wamepanga foleni. Wengi walikuwa wateja wetu. Mama Mkubwa, utepe wa kupimia shingoni, alikuwa akizunguka uwanjani kuwasukuma walio wazito wa kwenda. "Nenda, dada, ni dakika chache tu. Nesi ni mtu mpole. Afya haingoji!"

"Na wewe, Fundi?" Bi Kengele akamuuliza.

"Mimi ni mwenyeji leo, nahudumia wageni. Wapite kwanza."

Kisha nikaitwa mbele, nikapanda juu ya benchi. Mkono mmoja nilishika karatasi ya Bi Kengele, na mwingine ulikuwa mfukoni umefumbata karatasi ya Mama, ambayo asubuhi ile niliitoa kwenye jalada la kamusi bila kujua kwa nini. Baba alikuwa nyuma ya watu wote, ameegemea baiskeli. Nikasoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya nne nikaishusha karatasi. Nikasikia pedeli, mchana kweupe, katikati ya uwanja, nami nikajua kwamba nikisoma sentensi ile nitaisikia pedeli hiyo maisha yangu yote.

"Hapa pameandikwa kwamba Mama hakujua," nikasema. "Si kweli. Alijua miezi minne kabla. Aliniambia mimi. Nilikigusa kile kinundu kwa mkono wangu huu. Akaniambia nisiseme, nikanyamaza, na kila siku nilimwona akiwatanguliza wengine."

Nikaitoa ile karatasi, nikaisoma. "Mimi, hospitali." Sikuweza kumtazama Baba. Nikashuka kwenye benchi, nikaenda moja kwa moja hadi kwa Mama Mkubwa, nikamwekea karatasi mkononi, nikamwambia kwa sauti ya chini:

"Mama Mkubwa, siwezi kubeba ya pili. Kama huendi kwa Nesi sasa hivi, nitamwambia mimi. Unichape ukitaka."

Alinikata jicho kali. Kisha macho yake yakaangukia kwenye karatasi, kwenye mwandiko wa mdogo wake, na alama za kibanio zilizojaa pembeni kwa kubanwa na kubanduliwa. Akaisoma mara mbili.

"Mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu jamani."

Akavua utepe shingoni, akanivika mimi. Akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa yule mzazi wa watoto wanne. Alimtazama Mama Mkubwa, akatazama na utepe uliokuwa shingoni mwangu, akaelewa. Akasogea pembeni. "Tangulia, Fundi." Aliyemtangulia naye akasogea, na mwingine, na mwingine, foleni nzima ya wateja ikafunguka njia mpaka mlangoni kwa Nesi.

"Jamani, zamu zenu," Mama Mkubwa akasema.

"Leo zamu ni yako," Bi Kengele akajibu, akamshika mkono, akaingia naye.

Waliporudi nje, Nesi alinikuta nimekaa juu ya ndoo nyuma ya darasa. Akachuchumaa mbele yangu.

"Vinundu vingi huwa si saratani," akaniambia. "Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kugusa kinundu tu, wala kwa sababu hakiumi, au kinauma. Lazima kipimwe. Jumatatu anakwenda hospitali, nimeshaandika. Umefanya vyema."

"Mbona kwa Mama sikusema?" nikamuuliza, na hapo nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikulia hata siku ya mazishi.

Mkono mkubwa wenye harufu ya grisi ukanishika begani. Alikuwa Baba. Niliogopa kumtazama. Akakaa chini mavumbini, yeye na suruali yake ya kutokea.

"Ulikuwa na miaka kumi na moja," akasema. "Ule mzigo tulikutwika sisi wakubwa. Mama yako alikupenda, lakini katika hilo alikosea. Na mimi niliyelala naye nyumba moja sikuona. Usiubebe tena peke yako, mwanangu."

Kile kinundu cha Mama Mkubwa kilikuwa saratani. Sitaki kudanganya hadithi yangu. Lakini kilikuwa kidogo, hakijasambaa. Alifanyiwa upasuaji, akatolewa titi la kushoto, akaendelea na matibabu kwa miezi. Nauli ya safari zake ilitoka kwenye mikoba ile ile aliyoishona. Suti za kwaya zilichelewa wiki sita, na kwaya iliimba bila suti na hakuna aliyekufa.

Aliporudi kazini alikuwa amepungua mwili, kichwa amekifunga kitambaa. Alisimama mbele ya Kimya, akaigusa blauzi. Kisha akaniambia, "Ivue."

Nikaivua ile blauzi ya bluu, pini moja moja. Tukaishona pamoja, yeye mwili, mimi pindo, tukaipunguza kidogo ubavuni. Alipoivaa, upande wa kushoto aliweka titi la kitambaa, mojawapo ya yale niliyoyajaza mimi.

"Umekaza mno," akasema akijibonyeza. "Bi Kengele alisema kweli."

Tukacheka mpaka tukaishiwa nguvu. Kisha akaacha kucheka, akanivuta karibu.

"Nisikilize, Sindano. Siri ya zawadi itunze, na siri ya rafiki anayempenda fulani itunze pia. Lakini mtu akikupa siri ya ugonjwa wake, au jambo lolote linaloweza kumdhuru mtu, hiyo usiitunze. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia. Asiposikiliza, mwambie mwingine. Mwenye siri atakasirika, mwache akasirike. Mimi nilikukasirikia siku nzima, na leo niko hapa kukwambia."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Na hili nimejifunza uzeeni. Nilidhani kujitanguliza ni ubinafsi. Mwili wangu ndio unaokanyaga hii cherehani. Nikiutupa mwisho wa foleni, hao wateja nitawashonea na nini?"

Nikatoa ile karatasi ya Mama. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. "Na hii tuiweke wapi? Niirudishe kwenye kamusi?"

Aliichukua, akatembea hadi mwanzo wa kamba, kando kabisa ya cherehani, akaibana mbele ya karatasi zote.

Iko pale hadi leo. Pedeli ninaisikia bado, mara moja moja, alasiri chumba kikiwa kitupu, lakini siku hizi sisogezi miguu. Kila mwanamke anayeleta kazi huitazama ile karatasi na kuuliza, "Huyu Mimi ni nani, mbona zamu yake haiishi?" Naweka chini mkasi, namwambia.